Birika la Ubatizo Lichongwe Tabaka: Barua ya Wazi kwa Viongozi wa Makanisa ya Kisii na Nyamira

Kwa Baba Askofu wa Jimbo Katoliki la Kisii,
Kwa maaskofu wa Kianglikana na wa Kilutheri wenye waumini Kisii na Nyamira,
Kwa mapadri, wachungaji, makatekista, wazee wa kanisa na kamati za ujenzi,



Ninawaandikia kutoka Nyakoe, kwenye barabara ya Kisii kwenda Kisumu, nikiwa muumini wa kawaida asiye na cheo chochote kanisani. Ombi langu ni moja. Ninaomba kila kanisa la parokia katika kaunti zetu mbili liwe na birika la ubatizo la jiwe, la kudumu, na jiwe hilo litoke Tabaka na kuchongwa na watu wa Tabaka.

Nimehudhuria ubatizo katika makanisa mengi ya huku kwetu. Mara nyingi nimekuta meza ndogo iliyotandikwa kitambaa cheupe, juu yake beseni la plastiki na jagi. Ibada ikiisha, maji humwagwa nje, beseni hurudishwa stoo, na mahali pale hapabaki na alama yoyote kwamba watoto ishirini wameingia katika familia ya Mungu asubuhi hiyo. Sisemi kwamba ubatizo wao umepungua. Maji na Neno vinatosha, na mtoto aliyebatizwa kwa kikombe kando ya kitanda cha hospitali amebatizwa sawasawa na mwana wa mfalme. Lakini altare tumeijenga kwa saruji na vigae. Mimbari tumeiagiza kwa fundi wa mbao stadi. Vyombo vya muziki tumevichangia kwa harambee zaidi ya moja. Mlango wenyewe wa kuingilia Ukristo ndio tumeuacha uwe kitu cha kubebwa na kufichwa.

Nayo Tabaka iko pale Mugirango Kusini, safari ya matatu kutoka mji wa Kisii. Hakuna mahali pengine Kenya panapojulikana hivyo kwa jiwe laini la kuchonga, lile ambalo dunia nzima inaliita jiwe la Kisii. Wanaume hulichimba kwa sururu na nyenzo za mkono, hulipasua, hulichonga kwa panga, kisu na patasi. Wanawake hukaa na mabeseni ya maji wakisugua kwa msasa hadi uso wa jiwe uwe laini kabisa, kisha hulipaka nta ling'ae. Lipo jeupe, lipo la waridi, lipo la manjano na la kijivu, na pengine rangi mbili tatu hupita katika jiwe moja. Babu zetu walijichongea bakuli na viko kutokana nalo kabla mtalii wa kwanza hajafika. Leo hutoka humo viboko, tembo, mabao ya sataranji, visahani vya sabuni na sanamu za mama na mtoto, hupakiwa kwenye makasha na kwenda Ulaya na Marekani. Elkana Ong'esa, mzaliwa wa Tabaka, alichonga ndege wa jiwe anayesimama katika makao makuu ya UNESCO mjini Paris. Basi dunia imekwisha kukubali kwamba jiwe hili linastahili kusimama mahali pa heshima. Sisi wenyewe tumefanana na mwenye shamba la migomba anayekwenda sokoni kununua ndizi za chakula.

Watangulizi wetu katika imani hawakufanya hivyo. Wamisionari wa Mill Hill waliofungua Nyabururu mwaka 1911 walitumwa na shirika lililokuwa na makao London wakati huo. Waanglikana imani yao ilipitia huko huko Uingereza. Walutheri wa Uswidi waliofika Itierio mwaka 1948 walitoka nchi yenye makanisa ya kale kuliko kumbukumbu za koo zetu. Katika nchi zote hizo, ukiingia kanisa dogo la kijijini, kitu cha kale kuliko vyote mara nyingi ni birika la ubatizo. Paa limebadilishwa, madirisha yamebadilishwa, kuta zimebomolewa na kujengwa upya, hata madhehebu yamebadilika. Birika la jiwe limebaki pale pale karibu na mlango, na watoto wa kijiji wameletwa hapo kwa miaka 800 au 900.

Mabirika hayo yalitoka wapi? Yalitoka kwenye vijiji vya machimbo, vijiji kama Tabaka. Katika karne ya 12, wachongaji wa Tournai, mji ulio katika Ubelgiji ya leo, walichonga mabirika ya jiwe jeusi yaliyosafirishwa kwa mto na bahari hadi Uingereza. Moja lingali katika kanisa kuu la Winchester, na ubavuni mwake imechongwa miujiza ya Mtakatifu Nikolasi. Kisiwa cha Gotland cha Uswidi kilichonga mabirika mengi sana katika karne za 12 na 13, yakauzwa makanisani pande zote za Bahari ya Baltiki. Na huko Norwei, mafundi walitumia jiwe laini la aina ile ile inayoitwa ya sabuni kuchonga mabirika ya makanisa yao ya vijijini, na kwa jiwe hilo hilo wakajenga sehemu kubwa ya kanisa kuu la Nidaros mjini Trondheim. Asiseme mtu, basi, kwamba jiwe laini ni la mapambo ya mezani tu.

Mfano wa Brazili unatugusa hata zaidi. Huko Congonhas, kati ya mwaka 1800 na 1805, Aleijadinho, mtoto wa msanifu majengo Mreno na mama Mwafrika aliyekuwa mtumwa, alichonga manabii 12 wa jiwe la sabuni mbele ya kanisa. Alikuwa mgonjwa, mikono yake imeharibika, lakini manabii wale wamesimama nje katika jua na mvua hadi leo, na tangu mwaka 1985 mahali hapo ni sehemu ya urithi wa dunia. Na ile sanamu ya Kristo juu ya mji wa Rio de Janeiro, iliyozinduliwa mwaka 1931, ngozi yake yote ni vipande vidogo vya jiwe la sabuni vilivyobandikwa juu ya zege. Mikono yenye damu ya Afrika ilikwisha kuonyesha jiwe hili linavyoweza kulihubiri Neno. Iliyobaki ni mikono ya Kisii ipewe nafasi hiyo nyumbani kwao.

Wahashamu na ndugu wachungaji, siwaombi jambo geni kwa sheria zenu. Kanuni ya 858 ya Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1983 inaagiza kila kanisa la parokia liwe na birika la ubatizo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya liturujia ya mwaka 1963, ulisema kwamba sanaa ya kila taifa na kila nchi ipewe uhuru katika Kanisa mradi inatumikia ibada kwa heshima, na ukawaonya maaskofu watafute uzuri wenye hadhi badala ya anasa. Kwa upande wa Waanglikana, kanuni za Kanisa la Uingereza za mwaka 1604 ziliagiza birika la jiwe katika kila kanisa panapobatizwa watu, likae mahali pake pa desturi, na ubatizo wa hadharani ufanyike humo tu. Agizo hilo lilihitajika kwa sababu wakati ule pia walikuwapo waliopendelea mabeseni. Miaka arobaini baadaye, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipopamba moto huko, mabirika mengi yaling'olewa, mengine yakageuzwa kuwa vyombo vya kunyweshea wanyama. Amani iliporudi, vijiji viliyatafuta mashambani na nyuani mwa watu, vikayarudisha. Watu hawahangaiki hivyo kwa kitu kisicho na maana kwao.

Nawakumbuka pia ndugu zetu Waadventista Wasabato, ambao ni wengi mno Gusii tangu misheni ya Nyanchwa ilipoanza. Wao hubatiza kwa kuzamisha mwili wote, mtoni au katika kidimbwi kilichojengwa. Barua hii haiwataki wabadili imani yao. Hata hivyo, kidimbwi nacho kina ngazi na ukingo, na jiwe la Tabaka linaweza kuvivika vyote viwili. Nawaalika washauriane na wachongaji kwa namna inayowafaa.

Niseme sasa juu ya kitakachochongwa. Ninaomba sana tusiagize nakala za mabirika ya Ulaya. Wachongaji wa Ulaya walichonga walichokiona. Kule Burnham Deepdale, kijiji kidogo cha pwani ya Norfolk, lipo birika la enzi za Wanormani ambalo kuta zake zinaonyesha kazi za miezi 12: mtu analima kwa koleo, mwingine anapalilia, mwingine anavuna, mwingine anapura nafaka, na mwisho wa mwaka watu wamekaa mezani wanakula. Wakulima wale walikuja kubatiza watoto wao na kujiona wenyewe kwenye jiwe, kazi yao ikiwa imezunguka maji matakatifu. Je, la kwetu lingeonyesha nini? Lingeonyesha mama akivuna wimbi kwa kisu, wachuma majani ya chai wa Nyamira wakiwa na vikapu mgongoni, mkungu wa ndizi, mzee akipiga obokano yenye nyuzi nane, ukingo wa Manga, na maji ya mto Gucha yakizunguka shina la birika. Ndani ya picha hizo awemo Yohane Mbatizaji na Bwana wetu katika Yordani. Mtoto akikua na kuuliza maana ya picha zile, bibi yake atakuwa na katekisimu nzima ya kumfundishia bila kufungua kitabu.

Na mchongaji aweke jina lake. Katika kanisa la Bridekirk, kaskazini mwa Uingereza, lipo birika la karne ya 12 ambalo mchongaji amejichonga mwenyewe, nyundo na patasi mkononi, akaacha jina lake Rikarth kwa herufi za kale. Wafalme wengi wa wakati wake watu wamewasahau. Yeye anatajwa bado. Wachongaji wetu wa Tabaka wamefanya kazi kwa miongo mingi bila majina. Sanamu zao huuzwa Nairobi na ng'ambo, na mara nyingi mnunuzi hajui hata kijiji kilikotoka jiwe, sembuse mtu. Kanisa likiwa mteja, mtu huyo atajulikana. Watoto wake watabatizwa katika kazi ya baba yao, na hakuna dalali atakayesimama kati yake na ujira wake.

Hapo nafika kwenye haki. Mteja wa kanisa hawezi kuwa kama mteja wa sokoni anayebana bei hadi mchongaji abaki na nauli tu. Machimbo ya Tabaka yana hatari: kuta za udongo hulainika wakati wa mvua na zimewahi kufukia watu, na vumbi la jiwe huingia mapafuni mwa wanaochonga na wanaosugua. Kanisa likiagiza birika, liandike katika mapatano kwamba jiwe litatoka kwenye shimo lililochimbwa kwa usalama, kwamba wachongaji na akina mama wanaosugua watavaa barakoa na kufanya kazi mahali penye hewa, na kwamba wanawake hao watalipwa kwa sehemu yao inayotajwa wazi. Ikiwa sisi tunaoungama haki hatuwezi kuweka masharti haya, tutamlaumuje mfanyabiashara?

Najua maswali yatakayoulizwa kwenye kamati, na ni maswali ya haki.

Wapo watakaosema gharama ni kubwa. Nawajibu kwamba birika la parokia hununuliwa mara moja kwa vizazi kadhaa. Jumuiya ndogo ndogo zikichanga mwaka mzima, kidogo kidogo, kila familia itakuwa na sehemu katika jiwe hilo. Nashauri pia fedha zisitoke kwa mwanasiasa mmoja, wala jina la mfadhili lisichongwe humo. Mahali ambapo wote wanaingia wakiwa sawa pasiwe na bango la mtu.

Wapo watakaosema jiwe ni laini, litakwaruzika na kunywa maji. Kweli, ni laini. Ndiyo maana linachongeka. Lakini birika halihamishwi wala halipigwi. Wachongaji wa zamani wa Uingereza walilifahamu tatizo la maji, wakawa wanatandaza risasi ndani ya mabirika yao. Siku hizi risasi inajulikana kuwa sumu, hivyo la kwetu liwekewe bakuli la chuma kisichoshika kutu au la shaba, linaloondoka kwa kusafishwa. Chini pawe na tundu la kupitishia maji moja kwa moja ardhini, kama mabirika ya kale yalivyokuwa, ili maji yaliyobarikiwa yasimwagwe penye matope ya watu. Na pawe na mfuniko. Mwaka 1236 Askofu Mkuu Edmund wa Canterbury aliagiza mabirika yafunikwe na kufungwa kwa kufuli ili watu wasiibe maji kwa uchawi. Sisi tunayo sababu nyingine iliyo wazi: maji yaliyotuama huzaa mbu, na malaria tunaijua.

Wapo watakaoogopa kwamba picha juu ya jiwe ni ibada ya sanamu. Woga huo naheshimu chanzo chake, kwa sababu wazazi wetu waliambiwa waache mengi walipobatizwa, na waliacha kwa moyo. Lakini hakuna atakayeliinamia birika. Tutakaribia kwa ajili ya maji yaliyomo na jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu litakalotamkwa juu yake. Parokia ikiona vyema lisiwe na picha, lichongwe msalaba peke yake na kingo nane, kama mabirika mengi ya zamani, kwa kumbukumbu ya siku ya nane, siku ya Ufufuko. Litakuwa zuri vilevile.

Basi, nawaomba mambo manne.

Kwanza, viongozi wa makanisa matatu mkae pamoja, hata kwa siku moja, mkaitembelee Tabaka na kuzungumza na wachongaji na vikundi vyao papo hapo, si kwa kupitia wakala. Hapo hapo Tabaka ipo parokia na hospitali ya misheni, hamtakuwa wageni.

Pili, tengenezeni mwongozo mfupi wa pamoja: ukubwa wa birika, kimo chake ili hata mama mfupi aweze kumnyanyua mtoto, bakuli la ndani, tundu, mfuniko, mahali pa kuliweka karibu na mlango, na masharti ya ujira na usalama niliyoyataja. Mwongozo huo usimfunge mchongaji mikono katika michoro.

Tatu, anzeni na makanisa machache ya mfano. Kwa Wakatoliki ningependekeza Nyabururu, kwa kuwa ndiko imani ilikoshuka kwanza. Kwa Walutheri, Itierio au Matongo, mahali wanapoandaliwa wachungaji, ili kila mchungaji anayetoka hapo aende na wazo hilo kijijini kwake. Waanglikana watachagua wenyewe mahali pao. Vigango vidogo vifuate polepole, kila kimoja kwa uwezo wake.

Nne, vijana wa shule na vyuo vya ufundi wapewe nafasi ya kujifunza kwa wachongaji wakati mabirika hayo yanachongwa. Kazi ya Tabaka hurithiwa kwa kutazama mkono wa mkubwa. Kijana akiona kwamba ufundi huu unaweza kuzaa kitu kitakachotumiwa na wajukuu wa wajukuu wake, hataona aibu kushika patasi.

Kwa Wakatoliki, maji ya ubatizo hubarikiwa usiku wa kuamkia Pasaka, mshumaa wa Pasaka ukichovywa ndani yake. Pawepo basi parokia moja Gusii itakayobariki maji hayo Pasaka ijayo ndani ya jiwe la Gusii. Ikipatikana moja, nyingine zitaiga, maana watu wetu hawapendi kuachwa nyuma katika kumjengea Mungu. Mimi na wenzangu wa Nyakoe tuko tayari kuchanga siku mtakayotutangazia, na tuko tayari kwenda Tabaka kusaidia kubeba.

Wenu katika Kristo,
Muumini wa Nyakoe, Kisii